Stata imekufa, au chumvi imekula waya? Kutafuta tatizo na kubadilisha stata nyumbani Tanga

Unazungusha ufunguo, chini ya boneti kunasikika "tak!" mara moja, kisha kimya. Jirani anachungulia na kutoa hukumu papo hapo: stata hiyo, kanunue nyingine. Hukumu za namna hii hutolewa haraka mno. Stata, ile mota ya umeme inayozungusha injini hadi iwake, hufa, ndiyo, lakini katika mji wa pwani kama Tanga, gari likilala kila usiku kwenye upepo wa bahari wa Raskazone au Mwambani, vinavyotangulia kufa ni vichwa vya waya wa betri na waya wa ethi, ule wa hasi unaoshika bodi na injini. Stata inalaumiwa kwa sababu ndiyo inayolia. Kwa hiyo nusu nzima ya maelezo haya inahusu kupima, na spana zinaingia baadaye. Ukikuta kosa liko kwenye waya, umemaliza kwa msasa, grisi na dakika ishirini.

Mifano mingi hapa ni ya magari madogo ya Toyota ya petroli, aina ya IST, Vitz, Passo, Corolla na Premio, kwa kuwa ndiyo yaliyojaa barabarani. Kanuni zake zinafaa kwa magari mengine ya silinda nne pia, ila saizi za nati na njia ya kuifikia stata hubadilika.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza kupima: maltimita ya kawaida, tochi, msasa laini au brashi ya waya, spana namba 10, na mtu wa kukaa kwenye usukani azungushe ufunguo unapomwambia. Mtu huyo aambiwe mapema asipige stata zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo, na apumzishe dakika moja au mbili kabla ya kurudia. Stata haikuundwa kufanya kazi mfululizo. Joto lake likipanda, solda na insuleta za ndani huanza kuharibika.

Anza na betri, hata kama ni mpya

Gari likiwa limelala bila kuwashwa kwa saa kadhaa, pima volti moja kwa moja kwenye nguzo za betri zenyewe, siyo kwenye vichwa vya waya. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. 12.4 ina kama robo tatu. 12.2 ni nusu. Ikisoma 12.0 au chini ya hapo, chaji betri kwanza. Vipimo vingine vyote vitakudanganya ukiendelea nayo hivyo.

Kisha mwambie aliye ndani azungushe ufunguo huku macho yako yakiwa kwenye mita. Betri nzima haishuki chini ya volti 9.6 wakati stata inazunguka. Ikidondoka hadi 8 au 7, ama betri imechoka, ama stata inakula umeme kupita kiasi kwa sababu imebana. Busti kwa gari jingine lenye betri nzima: injini ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida, tatizo ni betri au altaneta (inayochaji betri injini ikiunguruma) isiyochaji. Ikizunguka vilevile kwa kujikokota, tatizo liko mbele zaidi, kwenye waya au stata.

Sasa vichwa vya waya. Ule unga mweupe au wa kijanijani unaojikusanya juu yake si mapambo. Fungua hasi kwanza, kisha chanya. Koroga magadi kidogo kwenye maji ya moto, mwagia pole pole mpaka povu liishe, suuza kwa maji safi, kausha, kisha piga msasa ndani ya kichwa na kwenye nguzo mpaka risasi ing'ae. Wapo wanaomwagia soda ya kola. Inapunguza unga, ni kweli, lakini inaacha sukari inayonata na kushika vumbi, na magadi ni rahisi kuliko soda. Funga chanya kwanza, hasi mwisho, paka grisi kwa nje. Kichwa kikizunguka kwa mkono baada ya kukazwa, kimetanuka, kibadilishe. Kipande cha bati la kopo ambacho wengi hukichomeka pale kushikilia kichwa huzaa kutu upya ndani ya wiki chache.

Fuata waya wa hasi mpaka mwisho wake. Mara nyingi una matawi mawili: moja kwenye bodi karibu na betri, jingine kwenye giaboksi au injini. Hilo la pili halionekani vizuri, ndilo linalopigwa na maji ya barabarani, na ndilo linalosahauliwa. Waya unaweza kuonekana mzima kwa nje huku shaba ndani ya plastiki imegeuka kijani na kuwa kama chai kavu. Ukiukunja na ukasikia unavunjika-vunjika ndani, umekwisha.

Sikiliza gari linasema nini

Kimya kabisa, taa za dashibodi zinawaka vizuri. Umeme mdogo wa kuamrisha stata haufiki. Kwa gari la otomatiki, kanyaga breki, toa gia P, weka N, jaribu tena. Likiwaka kwenye N, swichi ya gia kwenye giaboksi imechoka au imetoka kwenye mkao wake, na stata haina kosa. Kwa gari la klachi, magari mengi yana swichi ndogo juu ya pedali. Pedali isipofika mwisho, stata haipewi ruhusa. Angalia fyuzi ya stata na rilei yake (swichi inayoendeshwa na umeme). Katika boksi la fyuzi huwa kuna rilei nyingine yenye namba ileile, ya honi kwa mfano, zibadilishane ujaribu. Taa ya ufunguo kwenye dashibodi ikiwaka-waka isivyo kawaida, huenda kinachozuia ni mfumo wa kuzuia wizi.

Hapa kuna mtego unaostahili aya yake. Magari mengi yamefungwa alamu baada ya kuingia nchini, na alamu hiyo hukata waya mwembamba wa stata chini ya usukani. Kiungo chake kwa kawaida kimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi. Baada ya miaka mitatu ya joto na unyevu gundi ya tepu inayeyuka, waya unaingia kutu, na gari linaanza tabia ya kuwaka asubuhi na kugoma mchana. Kabla hujalala chini ya gari, fungua kava la chini ya usukani utazame kama kuna rundo la tepu. Ukilikuta, unganisha upya kwa solda na mpira wa kuziba.

"Tatatatata" ya haraka, taa zinafifia kwa mdundo uleule. Betri dhaifu au kichwa cha waya kimelegea, karibu kila mara. Solenoidi, swichi ya sumaku iliyo kwenye stata, inavuta, volti zinaanguka, inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Rudi kwenye betri na vichwa vyake.

"Tak!" moja nzito, kisha basi. Hii ndiyo inayotaka akili, maana inaweza kuwa mambo manne tofauti. Washa taa za mbele gari likiwa limeelekea ukutani, kisha uzungushwe ufunguo. Taa zikibaki na mwanga uleule, umeme mkubwa haupiti: vibati vya shaba ndani ya solenoidi vimelika, au kaboni za stata, vipande vinavyopitisha umeme hadi sehemu ya mota inayozunguka, zimekwisha. Taa zikififia sana, umeme unapita lakini kitu kimebana: stata yenyewe au injini. Taa zikizimika kabisa, kuna kiungo kibovu kati ya betri na bodi.

Likitokea la pili, taa kufifia sana, usilazimishe, hasa msimu wa masika, Machi hadi Mei, gari likiwa limepita kwenye dimbwi kubwa na kuzimika humo. Maji yakivutwa kupitia chujio la hewa hadi kwenye silinda hayabanwi kama hewa, na ukiendelea kupiga stata au ukisukuma gari kwa gia unaweza kupinda koneti rodi, fimbo inayoshika pistoni. Ng'oa plagi zote kwanza, kisha zungusha injini kwa mkono kupitia bolti ya puli ya chini. Kwa Toyota ndogo nyingi ni spana ya boksi namba 19, unaelekeza kama mshale wa saa. Ikizunguka kwa urahisi bila plagi, injini haijakwama. Maji yakiruka kwenye matundu ya plagi, umepata jibu, na stata haihusiki.

Inalia "viiii" kama feni, injini haigeuki. Mota inazunguka ila haishiki. Bendiksi (klachi ndogo yenye gia ya stata) imeanza kuteleza, au meno ya flaiwili (gurudumu la injini linaloshikwa na gia hiyo) yamekatika sehemu moja. Kutofautisha: jaribu mara tano, sita. Bendiksi mbovu huteleza bila mpangilio na huzidi siku baada ya siku. Meno yaliyokatika hukamata pale injini inapokuwa imesimama mahali pazuri na kugoma inaposimama pale pale pabovu. Injini ya silinda nne ina tabia ya kusimama katika sehemu mbili zinazotazamana, ndiyo maana meno ya flaiwili hulika sehemu mbili badala ya kulika sawasawa. Zungusha injini kidogo kwa boksi 19 kisha upige stata. Ikikamata, ogopa flaiwili, kwa kuwa hiyo ni kazi ya kushusha giaboksi na si ya uani.

"Krrrr" ya chuma kwa chuma. Bolti za stata zimelegea, au meno ya gia ndogo yamelika, au mtu alikufungia stata yenye idadi nyingine ya meno. Usiizoee. Kila mkwaruzo unanyoa flaiwili.

Gari limewaka lakini stata inaendelea kulia ufunguo ukiwa umeachiwa. Zima, na kama haisikii, ng'oa hasi ya betri mara moja. Vibati vya solenoidi vimeshikana kwa cheche, au swichi ya ufunguo au rilei imeganda. Sekunde thelathini za hali hiyo zinatosha kuua stata nzima.

Inazunguka vizuri asubuhi, inajikokota gari likiwa la moto. Umetoka Muheza mchana, umesimama dakika kumi sokoni, ukirudi stata inavuta kama mgonjwa. Joto huongeza upinzani wa waya ulioanza kuoza na hutanua amecha (kiini cha mota kinachozunguka) ambayo bushi zake (pete zinazoishikilia) zimelika, ikaanza kugusa sumaku za pembeni. Pima waya kwanza. Ukiwa mzima, stata inataka bushi au kubadilishwa.

Inagoma mpaka igongwe. Kaboni zimekwisha, kugonga kunazisogeza zikaguse tena komyuteta, pete ya shaba kwenye amecha. Mpini wa nyundo ya mbao, taratibu, kwenye mwili wa mota na si kwenye solenoidi, unaweza kukufikisha nyumbani mara moja au mbili. Stata nyingi za sasa zina sumaku za kubandikwa ndani, na nyundo ya chuma huzipasua. Ukiona inakubali kugongwa, kipimo kimekwisha: stata ishuke.

Vipimo vinne vinavyomaliza ubishi

Gari lisiwake wakati unapima: ng'oa fyuzi au rilei ya pampu ya mafuta. Weka mita kwenye volti za DC. Gia iwe P au N, handbreki juu.

Cha kwanza, upande wa chanya. Ncha moja kwenye nguzo ya chanya ya betri, nyingine kwenye bolti nene ya stata inayopokea waya wa betri. Ufunguo uzungushwe. Mita isome chini ya volti 0.5. Ikisoma 1 au 2, waya au vichwa vyake vinakula umeme njiani.

Cha pili, ethi. Ncha moja kwenye nguzo ya hasi, nyingine kwenye mwili wa stata uliokwanguliwa uchafu. Isizidi 0.3. Hapa ndipo magari ya pwani yanapoanguka. Njia ya mkato ya kuthibitisha: chukua waya mmoja wa kubustia, unganisha hasi ya betri na chuma kitupu cha injini, piga stata. Ikizunguka kwa nguvu, nunua waya wa ethi, urudishe pesa ya stata mfukoni.

Tahadhari moja kuhusu vipimo hivyo viwili: vina maana pale tu umeme mkubwa unapopita. Kama stata inasema "tak!" na taa hazififii, mita itasoma karibu sifuri hata kwenye waya uliooza, na wewe utadhani mambo ni safi.

Cha tatu, waya mwembamba wa amri kwenye solenoidi. Ufunguo ukiwa kwenye kuwasha, usome volti 8 au zaidi. Ukisoma sifuri, rudi kwenye swichi ya gia, rilei na ile alamu. Ukisoma vizuri na solenoidi haijasogea, kosa limo ndani ya stata.

Cha nne ni kile mafundi wengi hawakifanyi, nacho ndicho kinachotenganisha solenoidi na mota. Kwenye stata kuna bolti ya pili nene, ile yenye waya mfupi unaotoka solenoidi kuingia kwenye mota. Pima kati yake na mwili wa stata wakati ufunguo umezungushwa. Umeme umefika kwenye bolti ya betri lakini hapa ni sifuri: vibati vya solenoidi vimekwisha. Hapa kuna volti 12 na mota imesimama: kaboni. Hapa kuna volti chache na betri inalemewa: mota imebana, au injini. Kumbuka pia kwamba koili ya kuvutia ya solenoidi hurudisha umeme wake kupitia kaboni za mota, kwa hiyo kaboni zilizokwisha kabisa zinaweza kuifanya solenoidi isivute hata kidogo. Ukiona hivyo usinunue solenoidi peke yake.

Kuunganisha bolti nene na ile ya amri kwa bisibisi ili stata izunguke ni mchezo wa gereji nyingi. Cheche zake ziko karibu na betri inayotoa gesi, na gari likiwa kwenye gia litakurukia. Kama huna budi, tumia waya mwembamba kutoka chanya ya betri hadi kwenye kichwa cha amri, gia ikiwa N, handbreki juu, mawe kwenye tairi, wewe ukiwa pembeni.

Kununua

Kwa stata ya Toyota ya aina ya zamani, ile ambayo solenoidi na gia ndogo viko mstari mmoja, vibati vya shaba huuzwa peke yake. Unafungua kava la nyuma la solenoidi lenye skrubu tatu, unatoa plunja (fimbo ya ndani) na springi, unabadilisha vibati vyote viwili hata kama kimoja kinaonekana kizima, na unageuza au kubadilisha plunja ikiwa pete yake ya shaba imechimbika. Ni sehemu ndogo sana ya bei ya stata. Usiendelee kufungua mbele bila kujua: ndani kuna kigololi cha chuma kinachodondoka na kubiringika kwenye mchanga, na bila hicho stata haisukumi gia. Stata ndogo za magari ya karibuni, zenye solenoidi iliyokaa juu ya mota, hazifunguki hivyo. Hapo solenoidi hubadilishwa nzima. Kaboni pia huuzwa peke yake. Zikibaki nusu ya urefu wa mpya, muda wake umefika.

Ukiamua kununua stata nzima, ishushe kwanza ya zamani kisha uende nayo dukani. Kama unaagiza kutoka Dar es Salaam ili kifurushi kije kwa basi, tuma picha nne: lebo yenye namba, gia ndogo ikiwa imetazama kamera, flanji yenye matundu ya bolti, na soketi ya waya wa amri. Namba za stata za Toyota huanza na 28100. Linganisha idadi ya meno, umbali wa matundu, mwelekeo wa kuzunguka na nguvu kwa kilowati. Ndogo hizi huwa kati ya 0.8 na 1.2 hivi. Jina la gari pekee halitoshi. Stata za IST ya lita 1.3 na ya lita 1.5, au za gari la otomatiki na la klachi, zinaweza kutofautiana, na muuzaji akisema "hizi zote ni moja" mwombe aziweke meza moja.

Kati ya stata mpya isiyo na jina na stata iliyotumika kutoka Japani yenye lebo ya Denso, ya pili hudumu zaidi mara nyingi, ilimradi uipime kabla ya kulipa. Muuzaji ana betri: hasi kwenye mwili wa stata, chanya kwenye bolti nene, kisha waya mdogo wa chanya uguse kichwa cha amri. Ishikwe kwa jiliwa au chini ya kiatu kizito, maana huruka. Gia itoke mbele kwa nguvu, izunguke laini bila kukwaruza, irudi mara tu waya unapoachiwa. Sekunde tatu zinatosha. Zungusha gia kwa kidole: upande mmoja iende, upande mwingine igome. Ikienda pande zote, bendiksi imekufa.

Kuishusha na kuifunga

Injini iwe baridi kabisa; stata nyingi zinapakana na ekzosi. Kama redio yako ni ya Kijapani yenye ramani, fahamu kwamba ukikata betri inaweza kuomba kadi yake ya SD au namba ya siri na kujifunga. Kama huna hivyo viwili, mpe mtaalamu wa redio nafasi katika bajeti, au shikilia umeme kwa betri ndogo ya pembeni kwenye waya wa redio yenyewe, fyuzi yake ikiwa imeng'olewa, kamwe isiwe kwenye waya mkubwa unaofika stata.

Toa hasi ya betri, izungushie kitambaa. Waya wa betri unaofika kwenye stata hauna fyuzi. Spana ikigusa bodi utaona moto.

Stata imekaa pale injini inapokutana na giaboksi. Kwa baadhi ya magari utaifikia kutoka juu baada ya kutoa boksi la chujio la hewa, na pengine betri na sahani yake. Kwa mengine ni lazima uingie chini, utoe plastiki ya kukinga matope. Ukiingia chini, mchanga wa Tanga haubebi jeki: tandika ubao mgumu wa unene wa sentimita tano. Gari liwekwe juu ya stendi za chuma mbili zilizokaa kwenye mbao, tairi za nyuma zizuiwe mbele na nyuma. Tofali la saruji na jiwe la matumbawe hupasuka ghafla bila kutoa ishara. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hata kwa "dakika moja tu".

Vuta kofia ya mpira kwenye bolti nene, fungua nati, kwa kawaida namba 12 au 13. Soketi ya waya wa amri ina kikufuli. Kibonyeze na kuvuta soketi, usivute waya. Plastiki yake huwa imekauka kwa joto, ikivunjika utaifunga kwa kamba ya plastiki, lakini bora isivunjike.

Bolti za kushika stata ni mbili, chache zina tatu, namba 14 mara nyingi, 17 kwa baadhi. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu nusu saa kabla. Tumia boksi ya pembe sita, siyo kumi na mbili, na mkono mrefu wa rachi. Ikigoma, ikaze kidogo kwanza, kisha ilegeze, nenda mbele na nyuma. Nyumba ya giaboksi ni aluminiamu, na bolti ikitoka na uzi wake umenunua kazi nyingine ya kuchonga uzi mpya. Legeza zote, toa ya chini, kisha shika stata kwa mkono unapomalizia ya juu. Ina uzito wa kilo mbili na nusu hadi nne, na ikikuangukia usoni ukiwa umelala utaikumbuka. Andika bolti ipi imetoka wapi kama urefu wake si sawa.

Shimo likiwa wazi, usilifunge kabla ya kutazama flaiwili. Mulika tochi, mwenzako azungushe puli ya chini kwa boksi 19 mzunguko mzima, wewe uangalie jino baada ya jino. Kulika kidogo kwenye kingo ni kawaida. Jino lililokatika au lililonyolewa nusu litakula stata mpya ndani ya miezi. Ukikuta oili imetapakaa ndani ya nyumba ya giaboksi, sili ya nyuma ya injini inavuja, na oili hiyo ndiyo iliyokuwa ikiloanisha bendiksi.

Uso ambao stata inakaa ndio njia yake ya kupata ethi. Upige msasa, na flanji ya stata mpya pia, hasa kama imepakwa rangi ya kuipendezesha dukani. Hiyo rangi inazuia umeme. Usiweke gasketi wala silikoni hapo.

Ingiza stata, anza bolti zote kwa vidole angalau mizunguko minne kabla ya spana. Isipoingia kwa vidole, imekaa mshazari. Itoe uanze upya. Kaza kwa zamu hadi karibu Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 37 hadi 40 kwa bolti za namba 14 za Toyota ndogo; bila spana ya kupimia, hiyo ni nguvu ya mkono mmoja kwenye rachi ya kawaida mpaka ikatae, bila kuongeza bomba. Nati ya bolti nene ni jambo jingine: karibu Nm 10 tu. Hapa ndipo stata mpya nyingi huuawa siku ya kwanza. Ukiikaza kama nati ya tairi, bolti inazunguka ndani na kupinda vibati, au kava la plastiki linapasuka, na dukani hawatakupokea. Waya ukae mbali na ekzosi na usielekee bodi. Rudisha kofia ya mpira, na kwa hewa ya hapa paka grisi kidogo chini yake. Soketi nayo ikae mpaka isikike "tik".

Hasi ya betri iwe ya mwisho. Rudisha fyuzi ya pampu, gia P, piga stata. Mlio wa kwanza uwe mmoja, mnyofu. Ikikwaruza, zima na fungua, usisubiri "izoeane". Gari likiwaka, pima betri injini ikiunguruma: 13.8 hadi 14.5. Chini ya 13.2, altaneta haichaji, na utarudi kwenye "tatatata" kesho asubuhi. Silensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inaweza kupanda na kushuka kwa dakika chache kwa sababu kompyuta imesahau mipangilio yake; iache ijirekebishe, kisha tembea nalo kilometa kadhaa. Madirisha ya kupanda yenyewe huenda yakahitaji kushikiliwa swichi juu mpaka yajifunge ili yakumbuke tena.

Baada ya juma moja gusa bolti zote mbili kwa spana. Stata ya zamani usiitupe kabla ya hapo: kama kosa lilikuwa kaboni, solenoidi yake bado ni nzima, na kama lilikuwa vibati, mota yake bado ina kazi. Wanaosuka amecha upya hulipia hata zile zilizoungua, kwa ajili ya shaba yake.